Nikiongea ananyamaza, nikinyamaza hatuongei kabisa: tuanzie wapi?

SWALI: Mshauri, habari za kazi. Nimeolewa mwaka wa saba sasa. Mume wangu hanipigi, hanitukani, na watoto anawapenda. Shida yetu ni kuongea. Kila nikianzisha jambo lenye uzito ananijibu neno moja, au anasema "tutaongea", halafu hatuongei. Juzi alirudi usiku bila kunijulisha kwamba atachelewa. Nikamwambia, "Kumbe leo nyumba umeikumbuka?" Akasema amechoka, akachukua simu yake. Nikamwambia hajawahi kunijali hata siku moja. Akainuka akaenda kulala, na siku mbili nzima hatukusemeshana. Kila ninayemweleza ananijibu kwamba mawasiliano ndiyo kila kitu kwenye ndoa, lakini hakuna anayeniambia hayo mawasiliano yenyewe yanafanywaje. Nifundishe kuanzia mwanzo, kama mtu asiyejua chochote.

JIBU: Dada yangu, una haki ya kuchoshwa na ushauri huo. Kumwambia mtu "wasilianeni" bila kumwonyesha namna ni kumwacha palepale alipokuwa. Tena si kweli kwamba nyie hamuwasiliani. Mnawasiliana sana. Usiku ule alipochukua simu alikuambia jambo, na zile siku mbili za kuchuniana zilijaa ujumbe kutoka asubuhi hadi usiku. Mwaka 1967 Paul Watzlawick na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi na familia huko California, waliliweka hili kama kanuni: watu wawili wakiwa pamoja, hawawezi kutowasiliana. Kunyamaza ni jibu, na kumpa mtu kisogo ni jibu. Kwa hiyo swali lako si namna ya kuanza kuwasiliana. Swali ni hiki mnachotumiana kila siku kinafika kikiwa nini.

Watu hao hao walisema jambo la pili ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Kila tunachosema kinabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mzigo wa kwanza ni habari. Wa pili ni uhusiano, yaani mimi nakuonaje na sisi wawili tuko vipi. Watu hugombana juu ya habari, lakini kinachowaumiza ni ule mzigo wa pili.

Tuchukue sentensi yako, "Kumbe leo nyumba umeikumbuka?" Kama habari, ni swali rahisi na jibu lake ni ndiyo. Kama uhusiano, ni kijembe, na naye alikisikia hivyo: wewe ni mwanamume asiyejali kwake. Sasa jiulize ulitaka kusema nini hasa. Nikisoma barua yako naona mambo matatu. Uliingiwa na wasiwasi ulipoona saa zinakwenda. Ulimsubiri. Na ungependa kuwa mtu ambaye yeye, akichelewa, anamkumbuka kumjulisha. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotoka kinywani mwako. Naye akasema "nimechoka". Kama habari, ni mwili wake. Kama uhusiano, pengine alimaanisha "sitaki kesi usiku huu", lakini wewe ulisikia "wewe si muhimu". Mlikaa chumba kimoja, mkaumizana, na kile kilichokuwa kinawauma hakikutajwa na yeyote.

Kwa nini ulidhani ataelewa? Kwa sababu ndani ya kichwa chako ile maana ilikuwa wazi kabisa. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton alifanya jaribio rahisi. Mtu mmoja aligonga meza kwa vidole kufuata mapigo ya wimbo unaojulikana na wote, na mwingine akasikiliza na kujaribu kuutaja. Wagongaji walikadiria kwamba wenzao wangepatia nusu ya nyimbo. Katika nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa ni 3. Mgongaji anausikia wimbo wote kichwani, sauti na maneno, ilhali msikilizaji anasikia ngo ngo ngo tu. Kile kijembe chako kilikuwa na wimbo mzima nyuma yake, lakini mumeo alisikia meza ikigongwa tu.

Utasema, huyo si mgeni, ni mume wangu, ananijua. Hapo ndipo penye mtego. Mwaka 2011 Kenneth Savitsky, Boaz Keysar na wenzao walichapisha utafiti ambao wanandoa na watu wasiofahamiana walikaa wamepeana migongo, wakijaribu kutambua msemaji anamaanisha nini kwa kauli zenye maana zaidi ya moja. Wanandoa hawakuwashinda wageni. Walichowazidi ni kujiamini: walidhani wanaelewana kuliko walivyoelewana. Kwa mgeni tunajieleza, tunauliza, tunahakikisha. Kwa mtu wa nyumbani tunakata kona, na kadiri miaka inavyokwenda tunakata kona nyingi zaidi. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa la ndoa za miaka saba, kumi na kuendelea. Si kwamba watu wamechokana. Wameacha kuulizana kwa sababu kila mmoja anadhani ameshamsoma mwenzake akammaliza.

Niseme jambo moja pembeni, kwa sababu najua utakutana nalo. Kuna msemo unaozunguka kwenye semina kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili, na maneno ni asilimia 7 tu. Namba hizo zilitoka kwenye majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambamo watu walisikia neno mojamoja likisemwa kwa sauti tofauti, au wakaonyeshwa picha ya uso, kisha wakaulizwa msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Hayakuwa majaribio ya mazungumzo ya kawaida. Kinachobaki kuwa kweli ni kidogo lakini kina faida: maneno yakisema hiki na sauti ikasema kile, watu huiamini sauti. Ndiyo maana "hakuna tatizo" iliyosemwa kwa meno yaliyobanwa haimtulizi mtu. Lakini usiache kuchagua maneno kwa kudhani hayana uzito.

Sasa tuje kwenye mchezo wenu wawili, maana una jina na umechunguzwa sana. Mmoja anadai, mwingine anakimbia. Wewe unaanzisha jambo, yeye anarudi nyuma. Akirudi nyuma unapandisha sauti ili akusikie, na sauti ikipanda anarudi nyuma zaidi. Ukiulizwa utasema, "Napiga kelele kwa sababu anakaa kimya." Akiulizwa yeye atasema, "Nakaa kimya kwa sababu anapiga kelele." Wote wawili mnasema kweli. Kila mmoja anaanza kuhesabu kisa pale mwenzake alipokosea, na hakuna mahali pa kweli pa kuanzia kwa sababu ni duara.

Watu hukimbilia kusema wanaume ndivyo walivyo. Kwenye maabara ya John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani anayechunguza ndoa, katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambako wanandoa walirekodiwa wakizungumza mambo yanayowagombanisha, ni kweli wengi wa waliojifunga kimya walikuwa wanaume. Lakini mwaka 1990 Andrew Christensen na Christopher Heavey waliwapa wazazi kazi mbili: kuzungumza mabadiliko anayoyataka mke, kisha yale anayoyataka mume. Ilipokuwa zamu ya jambo la mke, mke alidai na mume akakwepa. Ilipokuwa zamu ya jambo la mume, tofauti hiyo kati ya mwanamke na mwanamume ikayeyuka. Maana yake, sehemu kubwa ya kukimbia inatokana na nani anataka mabadiliko na nani anaridhika na hali ilivyo. Anayeridhika hana haraka ya kuongea. Kwa hiyo usimtafsiri mumeo haraka kuwa ni mtu asiye na moyo. Inawezekana kwake mambo yako sawa, na kila ukisema "tuongee" anasikia "njoo nikusomee mashtaka".

Upo pia upande wa mwili. Gottman na Robert Levenson waliwapima wanandoa mapigo ya moyo wakati wa ugomvi. Mtu anayejifunga kimya, ambaye kwa nje anaonekana jiwe, mara nyingi ndani moyo unakwenda mbio. Mapigo yakivuka 100 kwa dakika wakati mtu amekaa tu, uwezo wa kusikiliza na kupima maneno unashuka vibaya. Hapo ukimwambia jambo la maana halimwingii, na akijibu atajibu ovyo. Dawa yake ni mapumziko ya kweli ya dakika 20 au zaidi, kila mmoja akifanya kitu cha kumtuliza, si kukaa chumba cha pili akipanga majibu makali.

Lakini mapumziko si kususa, na hapa mumeo naye ana lake la kusikia. Anayeomba kupumzika ndiye anayetaja muda wa kurudi: "Nimepandwa na hasira, siwezi sasa hivi. Tuendelee saa tatu." Kisha saa tatu anarudi. Kuinuka bila neno na kumchunia mtu siku mbili ni kitu kingine kabisa. Siku ya kwanza asubuhi moyo ulikuwa umeshatulia, kilichobaki ni adhabu. Nawe pia hukumsemesha, kwa hiyo adhabu hiyo mlipeana.

Tuangalie namna ya kuanza, maana hapo ndipo unapoweza kubadilisha kitu bila kumsubiri yeye. Mwaka 1999 Sybil Carrère na Gottman walionyesha kwamba dakika tatu za mwanzo za mazungumzo ya ugomvi, kwa wanandoa wapya, zilitosha kukisia vizuri ni akina nani watakuwa wameachana miaka sita baadaye. Mazungumzo yaliyoanza kwa ukali kwa kawaida yaliishia kwenye ukali. Na wewe, dada, usinichukie, ulianza kwa kijembe na ukamalizia na "hajawahi hata siku moja".

Kuna tofauti kubwa kati ya kulalamikia tendo na kumlaumu mtu. "Umechelewa na hukuniambia" ni tendo. Anaweza kulikubali, kulieleza, kuliombea radhi. "Hujawahi kunijali" ni hukumu ya maisha yake yote, na mtu aliyehukumiwa hukata rufaa: ataanza kukutajia siku alizokujali, nawe utazipinga, na kabla hamjajua mko kwenye kufukua makaburi ya mwaka wa pili wa ndoa. Maneno kama "kila siku", "hata siku moja", "wewe huwa" yana kazi hiyo tu. Lililo baya zaidi ni dharau: kumwiga mtu anavyoongea, kumcheka, kumkunjia midomo, kumwita jina. Gottman aliiona dharau kuwa dalili mbaya kuliko zote katika ndoa alizozifuatilia, na mimi katika kazi yangu sijaona cha kunifanya nibishe.

Thomas Gordon, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuwafundisha wazazi katika miaka ya 1960, alipendekeza tuanzie kwetu badala ya kwa mwenzetu. Sema kilichotokea, kisha kilikufanya nini, na mimi huongeza: kisha unaomba nini. Kwa kisa chako ingekuwa hivi: "Jana umerudi saa tano na simu haikuita. Niliingiwa na hofu, nikawa nachungulia dirishani. Naomba ukiona utachelewa unitumie hata meseji moja." Ni sentensi tatu, hazina tusi, na ndani yake mna ombi ambalo mtu anaweza kulitekeleza kesho. Angalia usidanganywe na neno "mimi" peke yake. "Mimi naona wewe ni mbinafsi" ni lawama ileile iliyobadilisha nguo.

Na ombi liwe ombi. "Nataka unijali" si kitu mtu anachoweza kukifanya saa moja jioni. Anajali vipi, kwa tendo gani, lini? Wanaume wengi wanaoletwa kwenye ushauri wananiambia wameambiwa wabadilike ila hawajui wabadilike nini. Baadhi yao wanakwepa, sawa, lakini wengine kweli hawajui.

Suala la wakati nalipita haraka. Usimkabili mtu anapoingia mlangoni, wala akiwa na njaa, wala mbele ya watoto. Na usipeleke jambo zito kwa meseji. Justin Kruger na Nicholas Epley na wenzao walionyesha mwaka 2005 kwamba walioandika barua pepe walitarajia wasomaji watambue mzaha au ukweli wao kwa kiasi cha asilimia 78, na kumbe wasomaji walipatia asilimia 56, juu kidogo tu ya kubahatisha. Meseji ni ya kusema "nitachelewa", si ya kusema "ndoa yetu inanitia wasiwasi".

Tumeongelea kusema kwa kirefu, na watu wengi hudhani hapo somo limeisha. Nusu yake iliyo ngumu ni kusikiliza, na wanyamavu wengi walinyamaza baada ya kujaribu kuongea wakakatizwa. Mwaka 1957 Carl Rogers na Richard Farson waliandika kuhusu usikilizaji wa kushughulika: msikilizaji hakai tu akingoja zamu yake, anarudisha alichosikia kwa maneno yake na kuuliza kama amepatia. Kwenye vikao vyangu inakuwa hivi. Mume anasema, "Nikifika nyumbani nataka nusu saa ya kimya." Mke yuko tayari kujibu, "Na mimi je?" Namzuia. Namwomba kwanza arudishe. Anasema, "Unasema hutaki kuniona." Mume anatikisa kichwa: "Hapana. Nasema kazini natukanwa kutwa, nikifika kichwa bado kinapiga kelele." Mke anarudisha tena: "Unatukanwa huko, na ukiingia bado hujatoka huko." Mume anasema, "Eeh, hivyo." Kisha anaendelea kuongea mwenyewe bila kuvutwa.

Hiyo "eeh, hivyo" ndiyo ninayoitafuta. Mpaka uisikie, usijibu. Kurudisha si kukubali. Unaweza kumwelewa mtu barabara na bado ukamkatalia. Mara za kwanza utajiona kama unaigiza, na mumeo anaweza kukuuliza umesoma wapi hayo. Mjibu ukweli tu, kwamba unajaribu. Kabla ya kuhamia upande wako, ongeza swali moja: "Kuna kingine?" Mara nyingi kile kingine ndicho chenyewe.

Pia acha mazoea ya kutoa suluhisho kabla hujaombwa. Kama hujui anataka nini, muulize, "Nikusikilize tu, au tutafute la kufanya?" Swali hilo limeokoa jioni nyingi.

Halafu kuna jambo dogo ambalo nalithamini kuliko mbinu zote za kugombana vizuri, nalo linatokea wakati hamgombani. Mtu akisema "hebu ona hii" huku akikuonyesha picha kwenye simu, au akavuta pumzi ndefu karibu yako, anagonga mlango. Unaweza kugeuka, ukaendelea na yako, au ukamfokea. Gottman aliwafuatilia wanandoa wapya kwa miaka sita. Waliobaki pamoja walikuwa wameitikia mlango ukigongwa namna hiyo mara 86 katika 100, na walioachana mara 33. Kilichotofautiana ni "ehee, ebu nione" za kila siku. Vivyo hivyo kwa habari njema. Shelly Gable na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba namna mtu anavyoipokea furaha ya mwenzake inakwenda sambamba na uzima wa uhusiano wao. Akikuambia amesifiwa kazini na wewe ukasema "hongera" huku unakunja nguo, hujamtendea ubaya, lakini kesho hataleta tena. Muulize walimsifuje, nani alisema, yeye akajibuje.

Nakuomba uanzie hapa, kabla ya mkutano wowote mkubwa wa ndoa. Mtu ambaye kwa wiki mbili amepokewa vizuri kwenye mambo madogo haogopi sana kuitwa kwenye kubwa.

Usitarajie kwamba mkijua kuzungumza, tofauti zitakwisha. Kwa hesabu za Gottman, takriban asilimia 69 ya mambo yanayowagombanisha wanandoa hayamaliziki, kwa sababu yanatokana na tabia na malezi. Mmoja anapenda watu na mwingine utulivu, mmoja hutunza na mwingine hutumia. Hayo yanazungumzwa tena na tena, kwa utani ikiwezekana, na ndoa inaendelea nayo. Kuchelewa bila taarifa, kwa bahati, si mojawapo. Hilo linarekebishika.

Neno la tahadhari, si kwako bali kwa mwingine anayesoma. Yote haya ni kwa watu wanaoumizana bila kuogopana. Kama unapima maneno kwa sababu ukikosea utapigwa, utanyimwa matumizi, au utazuiwa kuonana na ndugu zako, usikae kufanya mazoezi ya kuchagua sentensi. Huo ni udhalimu, na kinachotakiwa kwanza ni usalama wako na mtu wa kuaminika wa kukusimamia.

Kwako wewe, wiki ya tatu mkiwa mmetulia, mwambie hivi: "Kuna jambo la siku ile uliporudi usiku. Silileti kama kesi. Niliongea vibaya na nilikuwa na hofu. Nataka nikueleze, na nataka nisikie wewe uliona nini. Lini ingekufaa?" Akisema "tutaongea", usikasirike na usimwachie. Muulize, "Kesho au Jumamosi?" Kisha kaa kimya mpaka ataje siku, hata kama atachukua muda kuitaja.